Usiiuze sabufa yako bado: kuboresha sauti ya sebuleni kwa hela kidogo

Geuza sabufa yako uitazame mgongoni. Achana na stika ya mbele na maneno ya kwenye boksi. Hesabu matundu ya kuingizia sauti. Ukikuta mawili tu, jekundu na jeupe, basi hata kama una spika tano na besi inayotikisa vikombe kabatini, hiyo ni stereo, yaani sauti ya njia mbili tu, iliyogawiwa spika nyingi. Spika ya nyuma kushoto inarudia kile kile cha mbele kushoto, ya nyuma kulia inarudia cha mbele kulia, na ya kati imechanganyiwa pande zote mbili. Filamu ikitaka helikopta ianzie nyuma ya kochi ndipo ifike kwenye skrini, hutaisikia ikisafiri. Itatoka kila mahali kwa mpigo.

Sabufa ya 5.1 ya kweli, yaani yenye njia tano za sauti na moja ya besi, ina matundu sita ya kuingizia (mbele mawili, nyuma mawili, la kati na la besi), au ina tundu la optiko au la HDMI pamoja na dikoda (sehemu inayofungua sauti ya kidijitali na kuigawa kwa kila spika) ndani yake. Bluetooth ni stereo, haijalishi umeunganisha na simu ya bei gani. Flashi yenye nyimbo za MP3 nayo ni stereo. Kwa hiyo mtu aliyetumia sabufa yake miaka mitatu kwa Bluetooth na flashi hajawahi kusikia 5.1 hata siku moja, na akienda dukani kununua kubwa zaidi ataendelea kutoisikia, ila kwa kelele zaidi.

Na hayo maandishi ya wati 12,000 PMPO yapuuze. PMPO haina kipimo chochote kilichokubaliwa, kila kiwanda kinaandika kinachopenda. Soma kibati cha nyuma kinachoonyesha umeme unaoliwa. Kikisema wati 60, basi spika zote kwa pamoja hazitapata hata hizo 60, kwa sababu sehemu inapotea kama joto. Fyuzi nayo inasema ukweli: fyuzi ya ampea 1 kwenye umeme wa volti 230 haiwezi kupitisha zaidi ya wati 230 kwa muda mrefu. Kinachohesabika ni wati za RMS, yaani nguvu halisi ya kudumu, na kwa sebule ya kawaida wati 30 hadi 50 za RMS kwa kila spika zinatosha kugombana na majirani.

Kitu cha kwanza cha kutolea hela, basi, ni njia ya kufikisha sauti ya 5.1 kwenye spika. Kama sabufa yako ina yale matundu sita lakini haina dikoda, nunua dikoda ya nje. Ni kiboksi kidogo chenye tundu la optiko upande mmoja na matundu sita upande wa pili. Kazi yake ni kufungua Dolby Digital na DTS, mifumo ya kufungasha sauti ya 5.1. Kutoka kwenye televisheni unachomeka waya wa optiko. Hapa watu wengi hukwama kwa kitu kidogo sana: ncha za waya wa optiko huja zimevishwa vifuniko vya plastiki angavu. Usipovivua, waya hauingii mpaka mwisho, na mtu anaulazimisha mpaka anavunja kile kimlango cha tundu. Vua, kisha washa televisheni uangalie ncha nyingine: lazima uone mwanga mwekundu. Usiukunje waya huo kwa kona kali nyuma ya kabati. Ndani yake kuna mwanga, si umeme, na ukivunjika hauungwi.

Halafu ingia kwenye setingi za sauti za televisheni. Nyingi zinatoka kiwandani zimewekwa PCM, yaani sauti isiyofungashwa. Kwenye optiko, PCM inapita njia mbili tu, kwa hiyo umenunua dikoda na bado unasikia stereo. Weka Dolby Digital, au Auto, au Bitstream. Jina linategemea televisheni. Ukiweka na ukasikia kimya kabisa, au "shaaa" kama mvua juu ya bati, maana yake dikoda imepelekewa lugha isiyoielewa. Mara nyingi ni Dolby Digital Plus, ambayo optiko haikuundwa kuibeba na dikoda za bei ndogo nyingi haziifungui. Rudi uchague Dolby Digital ya kawaida. Kwa mafaili ya DTS ya kwenye flashi kuna mtego mwingine: televisheni nyingine haziipitishi kabisa DTS, na hapo hakuna waya wa kukuokoa, tafuta faili lenye sauti ya AC3, jina jingine la Dolby Digital.

Kupima kama kweli imekuwa 5.1, tafuta faili la majaribio linalotaja spika moja moja, "mbele kushoto", "kati", na kuendelea. Liwe faili lenyewe la AC3 ndani ya flashi. Video za majaribio za YouTube nyingi hufika zikiwa stereo, na utasikia sauti ikisema "nyuma kulia" kutoka mbele, ukaanza kufungua kifaa kisicho na ubovu.

Jambo moja tuliseme mapema ili mtu asilaumu vifaa: filamu za kutafsiriwa, zile ambazo sauti ya mtafsiri imewekwa juu ya filamu, karibu zote ni stereo. Chaneli nyingi za king'amuzi pia. Kwa anayetazama hizo tu, dikoda haimfai kitu. Atafaidika na amplifaya yenye Pro Logic II au ile iliyokuja baadaye, Dolby Surround, ambayo inachukua stereo na kuitawanya: kilicho sawa pande zote mbili kinakwenda spika ya kati, kinachotofautiana kinakwenda nyuma. Sauti ya mtafsiri inatulia katikati chini ya skrini na milio ya risasi inahamia pembeni. Si 5.1 halisi, ila kwa kazi hiyo inatosha sana.

Kabla ya amplifaya, sogeza spika. Hii haina gharama, na ndipo sauti inapobadilika kuliko popote. Sebule zetu zina desturi zake: makochi yamezunguka kuta zote, spika mbili zimepandishwa juu ya kabati karibu na dari, za nyuma zimetundikwa kwenye kona za juu kabisa kama kamera za ulinzi. Zote hizo zinapiga dari na ukuta kabla hazijafika masikioni.

Spika za mbele ziwe usawa wa masikio ya aliyekaa, yaani kama mita 1 kutoka sakafuni. Umbali kati yake ulingane na umbali wa kutoka kila moja mpaka ulipokaa: kochi likiwa mita 2.5 kutoka kwenye spika, ziachane mita 2.5. Hapo zinakaa nyuzi 30 kila upande, ndiyo pembe ambayo sauti za 5.1 hutengenezewa. Za nyuma si za nyuma hasa. Mahali pake ni pembeni, zikirudi kidogo nyuma ya masikio, kama nyuzi 110 ukihesabu kutoka katikati ya skrini. Kochi likiwa limeegemea ukuta, zifunge kwenye kuta za pembeni zitazamane, sentimita 50 hivi juu ya kichwa cha aliyekaa. Kama unaweza, vuta kochi sentimita 40 kutoka ukutani. Ukutani besi hujilundika, na ndiyo maana wageni waliokaa kwenye kochi la nyuma hulalamika kichwa kinauma wakati wewe wa katikati unaona besi haipo.

Spika ya kati ndiyo inayobeba maongezi. Malalamiko ya "nikipunguza sisikii wanachosema, nikiongeza risasi zinaamsha watoto" mara nyingi ni ya spika hii kusukumwa ndani ya rafu. Ivute mpaka uso wake ulingane na ukingo wa kabati au uzidi kidogo, kisha iinue kwa mbele kwa kipande cha raba au kadibodi iliyokunjwa ili ielekee usoni na si magotini.

Boksi la besi lina hila yake. Lichukue ulipandishe juu ya kochi, pale pale unapokaa siku zote. Piga wimbo wenye gitaa la besi linalotembea noti baada ya noti, si ule wa ngoma moja inayorudia. Kisha tambaa sakafuni ukipita ukutani, kichwa kikiwa chini. Utapita sehemu besi inavimba, sehemu inapotea, na sehemu ambapo noti zote zinasikika sawa. Hapo pa mwisho ndipo pa kuliweka boksi. Watakucheka nyumbani, lakini ni kazi ya dakika kumi tu. Sababu yake ni ukubwa wa chumba: sebule ya futi 12, karibu mita 3.66, inavimbisha sauti ya besi ya karibu hezi 47 (hezi ndogo, sauti nzito). Chumba cha futi 12 kwa 12 kinavimbisha hezi zile zile pande mbili, na ndivyo vyumba vyetu vingi vilivyo. Kona inaongeza ujazo wa besi ila inaichafua. Anza mbali na kona ukiweza. Sakafu ya marumaru na madirisha matupu vinafanya trebo, zile sauti nyembamba za juu, ikwaruze, na dawa yake ni zulia mbele ya kochi na pazia zito. Hakuna kifaa cha kuondoa mwangwi wa marumaru.

Nyaya zisikusumbue sana, lakini usinunue takataka. Kwa spika zilizo ndani ya mita 10, waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 unatosha kwa spika za omu (kipimo cha upinzani wa umeme) 6 au 8: kwenda na kurudi unaongeza kama omu 0.23 tu. Wa 0.75 unaongeza mara mbili ya hiyo. Tatizo la sokoni ni waya wa alumini uliopakwa shaba juu. Una upinzani zaidi kwa karibu nusu, unakatika kwenye skrubu, na ndani ya miezi kadhaa ya hewa ya chumvi ya pwani ncha zinaoza. Ukwangue uzi mmoja kwa kisu: ukiwa mweupe ndani na mwekundu juu, ni alumini. Kinyume chake, mweupe juu na mwekundu ndani, ni shaba iliyopakwa bati, na huo ni mzuri. Wauzaji wenyewe wakati mwingine huukataa bila kujua. Unapofunga, hakikisha hakuna uzi hata mmoja uliotoka ukagusa tundu la jirani. Uzi mmoja unatosha kuua amplifaya.

Chanya na hasi zifuatwe kwenye spika zote. Spika moja ikigeuzwa, besi ya mbele inayeyuka na sauti ya mwimbaji haieleweki iko wapi. Kwa spika isiyo na alama, gusisha betri ya rimoti ya volti 1.5 kwa sekunde moja: koni ikitoka nje, upande uliogusa chanya ya betri ndio chanya ya spika. Ikirudi ndani, geuza.

Sasa amplifaya. Mpya ya njia tano ina bei ya kukatisha tamaa, lakini za mtumba za Yamaha, Denon, Onkyo, Pioneer na Sony zinapatikana, na ile ya miaka kumi au kumi na tano iliyopita inafungua Dolby Digital na DTS vizuri kabisa. Kinachozeeka haraka ndani yake ni bodi ya HDMI. Kwa mnunuzi mwenye hela kidogo hiyo ni nafasi: muuzaji anaishusha bei kwa sababu "HDMI haionyeshi picha", wewe picha unaipeleka moja kwa moja kwenye televisheni na sauti unairudisha kwa optiko. HDMI ikiwa nzima, tafuta yenye ARC, inayorudisha sauti ya televisheni kwa waya ule ule wa HDMI, iliyokuja na HDMI 1.4 mwaka 2009. ARC inafanya kazi kwenye tundu lile tu lililoandikwa hivyo, na lazima uwashe kile kipengele ambacho Samsung wanakiita Anynet+, LG Simplink na Sony Bravia Sync.

Kabla hujatoa hela, soma volti mgongoni. Mzigo wa Ulaya ni volti 230, hauna shida. Wa Marekani ni 120. Wa Japani ni 100, na hapa ndipo vingi vinapoungulia: mtu anapewa transfoma ya kushusha kwenda 110, kifaa kinawaka, anafurahi, lakini kinapokea asilimia 10 zaidi ya kinachostahili. Umeme wa mtaani ukipanda usiku, nacho kinapanda. Kwa Kenya na Uganda, ambako kiwango ni 240, inazidi tena kidogo. Tafuta transfoma ya kwenda 100 kamili, na uwezo wake uwe mara mbili ya wati zilizoandikwa kwenye amplifaya. Ukijumlisha transfoma na bei, ile ya volti 230 iliyoonekana ghali mara nyingi inakuwa nafuu.

Dukani nenda na spika ndogo moja na waya. Washa amplifaya usikilize: baada ya sekunde chache lazima usikie "tak" ya rilei, swichi ya ndani inayounganisha spika. Taa ikimeta bila hiyo "tak", kifaa kimejifunga kujilinda na kuna kitu kimekufa ndani. Ikisikika, ingia kwenye setingi, washa sauti ya majaribio, na hamisha spika yako kwenye njia zote tano. Zungusha kitufe cha sauti taratibu. Kikikwaruza ni vumbi, linasafishika. Harufu ya kuungua haisafishiki. Inusie juu penye matundu. Uliza maikrofoni yake ya kupimia; kwenye mtumba mara nyingi imepotea, na ya kampuni moja isichomekwe kwenye nyingine ukategemea vipimo sahihi.

Omu ndizo zinazoua baada ya kufika nyumbani. Amplifaya nyingi za aina hii zinataka spika za omu 6 mpaka 8. Spika zilizokuja na hom thieta za boksi moja, zile zinazouzwa na spika zake zote pamoja, mara nyingi ni omu 3 au 4. Zikifungwa pamoja, kwa sauti ndogo zinaimba vizuri, lakini filamu ikichangamka kifaa kinazima chenyewe. Pima kwa mita: spika ya omu 8 inasoma 6 hadi 7, ya omu 4 inasoma kama 3 na pointi. Spika za mbele zilizo nzuri kwa bei ya chini ni zile za redio kubwa za mtumba, za mbao, omu 6 au 8. Chunguza sponji inayozunguka koni kwa kidole: kwa joto na unyevu wetu inaoza ikawa unga. Koni na koili zikiwa nzima, fundi anabandika sponji mpya na spika inarudi, kwa hiyo kuoza huko ni sababu ya kupatana bei, si ya kuikataa. Ya kati ikitoka kwenye familia moja na za mbele, sauti ya mtu anayepita skrini haibadiliki njiani.

Na ile sabufa uliyotaka kuiuza? Hapa ndipo inapopata kazi. Amplifaya ya njia tano haina nguvu ya kusukuma besi. Inatoa ishara tu kwenye tundu lililoandikwa SUB. Boksi la besi la hom thieta za boksi moja halitaimba hapo kwa sababu ndani halina amplifaya. Sabufa yako inayo. Chomoa spika zake zote ndogo, toa waya kwenye tundu la SUB, uugawe kwa kiunganishi cha moja kwenda mbili, uingize kwenye nyekundu na nyeupe. Boksi lake lenyewe linachuja na kupiga besi peke yake. Weka kitufe chake cha besi nusu, na sauti nyingine uidhibiti kutoka kwenye amplifaya.

Kwenye setingi za amplifaya, spika zote ziandike ndogo, hata kama kwa macho ni kubwa. Kwa spika za mbao zenye koni ya inchi 6, kata kwenye hezi 80, yaani sauti za chini ya hapo ziende kwenye boksi la besi. Kwa vispika vya inchi 3, kata 120 au hata 150, ili visipasuke vikijaribu kupiga ngoma. Pima kwa futi kamba umbali wa kila spika mpaka kichwani, uandike. Kila sentimita 34 ni karibu milisekunde 1, na kosa la mita nzima kwenye za nyuma linavuta sauti yote ielekee huko. Kisha washa sauti ya majaribio, shika simu yenye programu ya kupima desibeli pale kichwa kinapokaa, na linganisha spika zote kwenye namba moja. Simu haisemi desibeli za kweli, lakini kwa kulinganisha spika na spika inatosha. Besi usiiamini kwenye simu, maikrofoni yake haisikii huko chini. Ipandishe kwa sikio mpaka uione ipo, halafu ishushe kidogo.

Amplifaya iachiwe sentimita 10 wazi juu yake. Usiku mende na mijusi hufuata joto lake, wakiingia kwa matundu ya nyuma, na mjusi mmoja aliyelala juu ya bodi anatosha kuunguza. Wavu laini wa dirisha ukiubandika sentimita kadhaa kutoka kwenye matundu, si juu yake, hewa inapita na wao hawapiti.

Mwisho wa yote, ukisikia mngurumo wa chini usioondoka hata ukipunguza sauti, usikimbilie fundi na usikate mguu wa ardhi kwenye plagi. Kwanza chomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja. Mngurumo ukibaki, ng'oa waya wa dishi nyuma ya king'amuzi. Ukinyamaza hapo hapo, mngurumo unatoka paani, na amplifaya yako ni nzima.